Jina la Mbwa

Wezi walitoboa nyumba ya Bashiri mchana kweupe, siku ya Ijumaa, yeye akiwa msikitini na mkewe Mwanaidi akiwa matangani upande wa pili wa Masumbwe. Walichimba ukuta wa matofali mabichi upande wa nyuma, wakaingia mpaka chumbani, wakavuta katoni mbili za sabuni kutoka uvunguni mwa kitanda na kuondoka nazo bila haraka, kama watu waliotumwa. Mwanaidi ndiye aliyerudi kwanza. Alipoona jua limelala juu ya shuka, mahali ambapo jua halikuwahi kufika tangu nyumba ijengwe, alielewa. Akashika kichwa kwa mikono miwili, akavuta pumzi, akafungua kinywa apige yowe.

Yowe halikutoka. Bashiri alikuwa ameingia nyuma yake, kofia bado kichwani, akamziba mdomo kwa kiganja.

"Utalia umeibiwa nini?" alimwuliza kwa sauti ya chini.

Ulikuwa mwaka wa themanini na tatu, na swali hilo lilikuwa na meno. Sabuni ilikuwa imepotea madukani hadi watu wakafulia majani ya mpapai na maji ya majivu, na kila jioni redio ilitaja walanguzi waliokutwa wameficha bidhaa. Aliyekutwa na katoni uvunguni hakuitwa mwenye mali. Aliitwa mhujumu uchumi, akapakiwa kwenye Land Rover, na mkewe akabaki kuzunguka na bakuli la chakula akiuliza kituo kipi kimempokea. Duka la Bashiri, lile la mbele lililoonekana na kila mpita njia, lilikuwa na chumvi, viberiti na nyembe. Duka lenyewe lilikuwa chini ya kitanda chao. Wake wa wachimbaji wa dhahabu walipita mlango wa uani, wakanunua kipande cha mche wa sabuni, wakakifunga kwenye pindo la kanga na kuondoka wakizungumza habari za watoto.

"Kwa hiyo tunyamaze," Mwanaidi alisema mdomo wake ulipoachiwa.

"Tunyamaze."

"Na zile tatu walizotubakizia?"

"Tutafute ulinzi."

Ilikuwa rahisi kusema. Nyumba yenye siri haipati ulinzi kirahisi, maana ulinzi nao una macho, na mara nyingi una mdomo.

Wakaanza na chuma. Bartholomeo, fundi chuma wa kule kwenye barabara ya Kahama, alikuja asubuhi na futi yake ya kukunja. Alipima dirisha la chumbani, akapima mlango wa uani, kisha akagonga kwa kidole pale ukutani palipozibwa, ambapo udongo ulikuwa haujakauka.

"Hapa palipatwa na nini?"

"Mvua," Bashiri alijibu.

Bartholomeo alitazama anga la mwezi wa saba, jeupe, halina hata wingu la kusingizia.

"Ilinyesha hapa tu?"

Akakunja futi yake, akaitia mfukoni.

"Nondo zimeadimika, Mzee Bashiri, lakini nikihangaika nitazipata. Nitakufungia nyumba hii kama benki. Ila niambie ukweli, mimi fundi wako: nondo zote hizi kulinda chumvi?" Akacheka mwenyewe. "Mimi sina neno. Watakaopita barabarani ndio watakaouliza."

Alipoondoka, Bashiri alikaa kwenye kigoda cha dukani akijikuna ndevu. Akasema nondo ni kuandika ukutani kwamba hapa kuna mali. Mwanaidi akamwambia basi waajiri mtu.

Mtu aliyepatikana alikuwa Donatus, aliyewahi kuwa mgambo na bado alivaa kabuti la jeshi hata jua likiwa utosini. Alisimama mlangoni na rungu lake, akasalimia kwa heshima zote, akatoa masharti. "Nataka kujua nalinda nini. Nikijua ni chumvi, nitalala. Nikijua ni kitu kingine, nitakesha, lakini kukesha kuna bei yake." Halafu akatabasamu, na Mwanaidi akaona kwamba mtu huyu atakunywa pombe ya mtama Jumamosi na mji mzima utajua Jumapili. Wakampa kikombe cha chai na kumwambia watamwita.

Kwa mganga Mwanaidi alikwenda peke yake, maana Bashiri alisema hatasikia habari hizo, ila hakumkataza. Mganga yule alikaa kando ya njia ya Ushirombo, na wateja wengine watano walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha paa lake wakisubiri zamu, masikio wazi. Alimweleza kwamba akizindika nyumba, mwizi atakayegusa ukuta ataganda hapo hapo mpaka mwenye nyumba aje kumbandua. Lakini dawa lazima iambiwe inalinda nini. Ng'ombe? Mtama? Fedha?

"Vitu," Mwanaidi alinong'ona.

"Sema kwa sauti, mama, dawa isikie."

"Vitu vya nyumbani."

"Vitu havina mwizi," mganga alisema, na wale watano kivulini wakacheka. Mwanaidi alirudi nyumbani kwa miguu, vumbi hadi magotini, akiwachukia wote watano mmoja mmoja.

Kisha Mageni akaja bila kuitwa. Huyu ndiye aliyekuwa mtemi wa sungusungu, kiongozi wa walinzi wa jadi pale mjini, Msukuma mrefu mwenye maneno machache, aliyetembea na upinde wake hata akienda kununua chumvi. Tangu sungusungu waanze, wezi wa ng'ombe walipungua kweli, na watu walilala usingizi. Walilala, lakini walijifunza pia kupunguza sauti Mageni anapopita.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia Mwanaidi kwa Kisukuma, yaani habari za asubuhi, mama, kisha akamgeukia Bashiri. "Nyumba yako haijaingia kwetu. Kila nyumba inatoa mtu wa doria. Na sisi tunaingia ndani, tunaona kilichomo, ili tukimkamata mtu njiani na mzigo tujue ni wa nani."

"Tutafikiri, mtemi," Bashiri alisema.

"Fikirini. Ila nyumba isiyokuwa na sisi, huwa tunajiuliza iko na nani."

Akalipa chumvi yake, akasubiri chenji mpaka senti ya mwisho, akaondoka. Bashiri alikuwa anatoka jasho kwapani hadi kanzu ikashika mwili.

"Tuchukue mbwa," Mwanaidi alisema.

"Mbwa? Nyumba inayosaliwa?"

"Atakaa uani. Mbwa wa ulinzi hana dhambi, hata mwalimu wa madrasa alisema."

"Alisema wa mifugo."

"Basi hizo katoni ni mifugo yako." Alikuwa amechoka kubembeleza. "Bashiri, fundi ameuliza. Mlinzi ameuliza. Mganga ameuliza mbele za watu, na sasa Mageni anataka kuingia aone mwenyewe. Nani amebaki asiyeuliza analinda nini?"

Bashiri akaenda kutawadha.

Siku tatu kabla mbwa hajafika, Mwanaidi aliona shati.

Lilikuwa shati la shule la Valerian, mtoto wa jirani yao wa upande wa pili wa ua wa minyaa. Nyumba ile ilikuwa ya Telesphori na mkewe Salvina, Wakatoliki wa kutoka Ushirombo, watu wa kimya, waliohamia pale baada ya Telesphori kurudi kutoka machimboni mikono mitupu. Shamba la maana hawakuwa nalo. Telesphori alilimia watu, alibebea watu magunia, alichimbia watu vyoo. Na sasa mtoto wake alikuwa anapita barabarani na shati jeupe, jeupe la kuumiza macho, wakati watoto wa mji mzima walivaa mashati ya rangi ya chai.

Mwanaidi, ambaye majirani walimwita Mama Chausiku, alikwenda uani, akasogeza minyaa kwa kijiti asiguse utomvu.

"Mama Valerian, sabuni hiyo umeipata wapi?"

Salvina alikuwa ameinama kwenye karai. Akainuka, akafuta mikono kwenye sketi.

"Ya Kolandoto, Mama Chausiku. Mdogo wangu Lukresia anafagia wodi kule hospitali. Hunitumia kidogo kidogo."

"Kidogo kidogo."

"Ndiyo, mama."

"Na shati limetakata vile."

Salvina akacheka kwa aibu, akidhani amesifiwa. Mwanaidi akaachia minyaa ikarudi mahali pake. Moyoni alikuwa amekwisha kuhukumu. Kolandoto ni mbali, sabuni iko karibu. Mtu aliyechimbia mji mzima vyoo hawezi kushindwa na ukuta wa matofali mabichi. Hata Bashiri alipomwambia apunguze hasira, hakupunguza. Alikuwa amezibwa mdomo siku ile, na yowe lililorudishwa ndani lilikuwa bado linatafuta pa kutokea.

Mbwa aliletwa na mkulima mmoja wa Ushirombo aliyeitwa Kamili, amefungwa kwa kamba ya katani: mbwa wa rangi ya mchanga, sikio moja limekatwa ncha, macho ya njano yasiyomwogopa mtu. Kamili alimfunga kwenye mti wa uani, akapewa maji ya kunywa, akaulizwa mbwa anaitwa nani.

"Hana jina. Nimekuachia wewe." Alishangaa kwamba anaulizwa. "Jina la mbwa ni la mwenye mji, mama. Ndilo neno lako. Kwetu jirani akikukosea huendi kumtukana, unafuga mbwa. Mimi ninaye mmoja anaitwa Mlinionaje. Ndugu zangu wamekuwa na adabu tangu nimpate."

Mwanaidi hakuhitaji kufafanuliwa zaidi. Mama yake mzazi alikuwa mtu wa Tanga, na yeye mwenyewe amekulia kwenye kanga zenye maneno. Aliwahi kugombana na wifi yake msimu mzima bila kufungua mdomo, kila mmoja akimvalia mwenzake, mpaka wifi akaishiwa kanga. Alijua vizuri kabisa neno linavyofika kwa mtu bila kutumwa. Asichokijua ni kwamba watu wa bara, aliowadharau kwa ugumu wa Kiswahili chao, walikuwa na kanga zao zenye miguu minne.

"Ataitwa Anajulikana," alisema.

Kamili alimtazama, akatazama ua wa minyaa, akarudisha macho.

"Hilo ni jina zito, mama."

"Mbwa mwenyewe mkubwa."

Anajulikana alikuwa mlinzi mzuri. Alibweka kwa wapita njia, kwa kuku, kwa adhana. Lakini alikuwa na tabia moja: nyumba ya Mwanaidi ilimpa makombo ya wali kwa kipimo, ya Salvina ilimpa ukoko wa ugali bila kipimo. Kila kamba ilipolegea alipenya minyaa akaenda kulala mlangoni kwa Salvina, na kila alipokwenda Mwanaidi alisimama uani kwake, uso umeelekea kule, mikono kiunoni, akaita.

"Anajulikana! Anajulikana, toka kwa watu! Anajulikana wewe, njoo hapa!"

Aliita asubuhi wanawake wakienda kisimani. Aliita jioni wanaume wakirudi kutoka kazini. Siku nyingine, lazima isemwe, kamba haikulegea yenyewe.

Mji ukasikia. Hakuna aliyeuliza nani anajulikana, maana ua ulikuwa mmoja tu na uso ulikuwa unaelekea upande mmoja tu. Kwenye mashine ya kusaga mwanamke mmoja alisogeza debe lake Telesphori alipoweka la kwake karibu. Aliyekuwa amemwahidi kazi ya kuchimba msingi alisema ameahirisha, kesho yake akaonekana akichimbiwa na mtu mwingine. Mama mmoja aliyepotelewa na mbuzi mwaka uliopita akaanza kumkumbuka mbuzi wake upya.

Salvina alikuja siku ya Jumapili, kutoka misa, viatu amevishika mkononi. Alisimama nje ya mlango wa uani mpaka akaitikiwa.

"Shikamoo, Mama Chausiku." Walikuwa wanalingana umri, lakini alisalimia hivyo.

"Marahaba," Mwanaidi aliitikia, na hakumpa kigoda.

"Nimekuja kwa heshima. Naomba ubadilishe jina la mbwa wako."

"Kwani jina lako Anajulikana?"

"Si langu. Lakini unaliita ukitazama kwangu."

"Mbwa wangu anapenda kwako. Nimwite nikitazama wapi, Kahama?"

"Mume wangu hasalimiwi tena. Jana alibeba magunia ya mtu kutwa nzima, mwenye magunia akayahesabu mara mbili mbele yake. Kama kuna kitu chako kimepotea, kitaje, mama. Tuitane, tutafute. Kitaje tu."

Hapo ndipo Mwanaidi angeweza kukoma. Alitakiwa kusema neno moja, na hilo neno moja lilikuwa limelala chini ya kitanda chake. Akamchukia Salvina zaidi kwa kumwomba kitu ambacho hawezi kukitoa.

"Anayejulikana anajijua," alisema. "Mimi naita mbwa."

Salvina akavaa viatu vyake palepale, kimoja kimoja, akaondoka.

Sungusungu walimchukua Telesphori Jumanne asubuhi, akiwa anakula kiporo. Uwanjani nyuma ya gulio watu walikuwa wamejaa. Telesphori alikalishwa chini, mikono imefungwa nyuma kwa kamba, na Mageni akasimama mbele yake ameegemea upinde. Mwanaidi na Bashiri waliitwa kwa majina. Umati ukawapisha njia kama watu wa arusi.

"Mayu," Mageni alisema, "muda mrefu tunakusikia. Kila siku unasema anajulikana. Sisi ni walinzi, tunasikia aibu kwamba wewe unamjua na sisi hatumjui. Ni huyu?"

"Mtemi, lile ni jina la mbwa tu," Bashiri aliwahi.

"Sikukuuliza wewe. Na mimi nafuga mbwa, najua jina la mbwa ni nini." Akamgeukia tena Mwanaidi. "Ni huyu?"

Mwanaidi alimwangalia Telesphori. Mtu yule hakuwa na sura ya wizi wala sura ya kutoiba; alikuwa na punje ya wali imemganda kwenye ndevu, na macho yanayomwangalia kwa kumngoja. Akisema siye, atakuwa amemsingizia jirani mbele ya mji, na wanaomsingizia mtu sungusungu huwatenga: hauziwi kitu, huuzi kitu, hupewi moto wala maji, wala hazikwi mtu wako. Akisema ndiye, swali la pili linakuja.

"Ndiye," alisema.

"Aliiba nini kwako?"

Mguu wa Bashiri ukakanyaga wake, ukabaki juu yake. Pembeni mbuzi alikuwa anatafuna gunia.

"Kuku," Mwanaidi alisema. "Kuku watatu."

Mnong'ono ukapita. Salvina, aliyekuwa amezuiwa pembeni na wanawake wawili, akapaza sauti kwa mara ya kwanza tangu wahamie mji ule.

"Kuku wake aliwachinja sikukuu ya Idi! Manyoya niliyaona mimi jalalani. Tangu Idi hana kuku yule!"

"Nyamaza, mayu," Mageni alisema bila ukali. "Ya wanawake mtayamaliza kisimani."

Walichokitafuta hakikuwa kuku. Mbuzi wa mwaka jana alikuwamo, baiskeli iliyoibiwa misheni ilikuwamo, na aibu ya walinzi ambao hawajamshika mtu tangu mavuno. Telesphori alikana. Wakampiga fimbo. Akakana, wakampiga tena, na alipojaribu kujikinga mikono ikafunguka kwenye kamba, fimbo ikashukia vidole. Aliposema "niliiba" aliisema kwa uchovu, kama mtu anayekubali kununua kitu asichokitaka ili muuzaji aondoke. Wakamtoza faini ya mbuzi wawili, na kuku watatu kwa Mwanaidi.

Mwanaidi alirudi nyumbani, akapika, hakula. Akajiambia kwamba mtu amekiri. Akalirudia neno hilo alipokuwa anaosha vyombo, na akalirudia tena kwenye swala, mahali pasipostahili.

Kuku waliletwa kesho yake na Salvina mwenyewe, wamefungwa miguu. Aliwaweka kizingitini. Hakusalimia. Alisimama akimtazama Mwanaidi muda ambao haukuwa wa adabu, kama mtu anayefanya hesabu kichwani, kisha akageuka.

Wiki mbili baadaye mwanamke mgeni aliingia dukani, mwembamba, mwenye gauni la rangi ya anga lililopigwa pasi, akanunua viberiti. Aliponyoosha mkono kulipa, Mwanaidi alisikia harufu: dawa ya wodi, na nyuma yake sabuni.

"Wewe ndiye Mama Chausiku? Mimi Lukresia, wa Kolandoto. Nimekuja kumwona shemeji. Vidole viwili havikunji tena." Alisema bila shari; inaonekana hakuambiwa kila kitu. "Dada kaniagiza. Amesema uliwahi kumwuliza habari za sabuni, basi nikuletee na wewe."

Akatoa kwenye kikapu kitu alichokifunga kwenye gazeti, akakiweka juu ya meza na kukifungua. Lilikuwa donge la sabuni ukubwa wa ngumi, lakini si sabuni ya mche. Lilikuwa la vipande vipande, kijani, cheupe, waridi, cha manjano, vimekandwa pamoja na bado kila kimoja kilionekana.

"Ni mabaki ya wagonjwa," Lukresia alieleza. "Wakiruhusiwa kutoka wanaacha vipande masinkini. Na wengine wanaacha kwa kufa. Mimi naviokota, naloweka, nakanda. Siyo nzuri, lakini inatakatisha. Shati la Valerian ndilo hilo."

Mwanaidi aliangalia donge. Alijua sabuni kuliko mtu yeyote pale mjini, alijua rangi ya kila mche uliolala chini ya kitanda chake, na hapakuwa na hata chembe yake humo. Aibu ilikuwa kubwa. Woga ulikuwa mkubwa zaidi, kwa sababu alikuwa amesikia vizuri salamu ile. *Uliwahi kumwuliza habari za sabuni.* Mtu aliyeibiwa kuku haulizi sabuni.

"Mwambie asante," alisema.

"Dada amesema usishukuru."

Jioni ile alimweleza Bashiri. Bashiri akavua kofia, akaivaa, akaivua. Akasema wazihamishe katoni. Kwa njia ipi, sungusungu wako kila njia? Akasema wazitupe chooni.

"Choo kikitoa povu, utasema nini? Mvua?"

Zile katoni zikabaki pale pale, na wao wakalala juu yake.

Mtoto wa mbwa alionekana uani kwa Salvina mwanzoni mwa mwezi wa tisa, mweusi, miguu myeupe. Kamili alimleta kwenye kikapu, akapita dukani kununua chumvi, na safari hii hakumwangalia Mwanaidi usoni. Siku mbili hakuitwa kwa jina. Siku ya tatu Land Rover ya wakaguzi kutoka wilayani ikaingia Masumbwe, ikasimama ofisi ya chama, na habari zikaenea kabla vumbi halijatulia: wanaingia nyumba kwa nyumba, wanaanzia barabarani.

Ilikuwa saa ya alasiri. Mwanaidi alikuwa chumbani amepiga magoti, anasukuma katoni mbali zaidi ukutani kana kwamba ukuta utasogea, aliposikia sauti kutoka ng'ambo ya minyaa. Sauti ile ya kimya, ya mwanamke aliyezoea kunong'ona kanisani, ilikuwa imejifunza kupanda.

"Sabuni! We Sabuni! Toka uvunguni!"

Mwanaidi akaiachia katoni.

"Sabuni, unajificha nini? Toka uvunguni watu wakuone!"

Barabarani mtu akacheka. Mtu mwingine akauliza kitu, akajibiwa kwa sauti ndogo, na kicheko kikakatika. Bashiri alitokea mlangoni.

"Nenda," alimwambia. "Nenda kamwombe."

Alikwenda. Hakusogeza minyaa kwa kijiti. Alipita katikati yake, utomvu mweupe ukamchirizika mkononi na hakuufuta. Salvina alikuwa amekaa kwenye mkeka anapepeta mtama. Kando yake Telesphori alijaribu kufunga mdomo wa gunia kwa kamba, ikamponyoka, akajaribu tena kwa mkono mwingine na meno. Mbwa wawili walikuwa wamelala mlangoni, yule mdogo mweusi na yule wa rangi ya mchanga mwenye sikio lililokatwa. Anajulikana alifungua jicho moja, akamwona bibi yake, akalifumba.

"Shikamoo, Mama Valerian," Mwanaidi alisema.

Salvina aliendelea kupepeta, makapi yakamwendea Mwanaidi.

"Nimekuja kwa heshima," Mwanaidi alisema, na akasikia anavyotumia maneno ya mtu. "Nimekukosea. Na Baba Valerian nimemkosea. Nitasema kwa Mageni, nitasema mbele za watu, siku yoyote utakayotaka. Lakini leo, nakuomba, badilisha jina la mbwa wako."

Ungo ukasimama. Salvina alimtazama kuanzia miguuni hadi kichwani, taratibu, kama siku ile ya kuku.

"Kwani jina lako Sabuni?"

Barabarani milango ya Land Rover ilifunguliwa, mmoja, kisha wa pili, na sauti za wanaume wasio wa pale zikauliza nyumba ya kwanza ni ya nani. Telesphori aliacha gunia, akainua macho kumtazama mkewe. Salvina aliweka ungo chini, akasimama, akakung'uta makapi kwenye sketi. Kisha akavuta pumzi, akaelekeza uso barabarani, akamwita mbwa wake kwa jina lile lile.